Samaki Wamepungua, na Sisi wa Ndoana Tumo

(Kwa ambao hamkuweza kufika kwenye mkutano wetu, hii hapa hotuba nzima jinsi nilivyoongea, picha za ukutani nimeziacha na pale watu walipoanza kubishana nimeruka, mengine yote ni yale yale.)

Haya, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naona wa nyuma mmesimama, sogeeni jamani viti viko, siumi.

Wazee wangu, kaka zangu, dada zangu ambao siku hizi mnarusha mshipi mbali kutushinda, na nyie vijana mliokuja na rili mpya zinazometameta, nimeombwa niongee kuhusu samaki kupungua. Na najua kabla sijafungua mdomo kila mtu hapa ana jibu lake mfukoni. Ni wenye nyavu. Ni meli kubwa. Ni viwanda. Ni serikali imelala. Kuna mmoja kaniambia pale mlangoni ni ndege wanakula samaki sana, na wala hakuwa anatania.

Sasa mimi sijaja kuwatetea wenye nyavu. Shirika la chakula duniani, FAO, linasema mwaka 1974 katika akiba za samaki wa baharini wanazofuatilia, yaani samaki wa aina moja wa eneo moja wanaohesabiwa pamoja, zilizokuwa zimevuliwa kupita kiasi zilikuwa kama asilimia 10. Kufikia 2021 imekuwa asilimia 37.7. Hizo kwa sehemu kubwa kabisa ni meli na nyavu, hatubishani. Mnakubali? Haya, tumemaliza hilo.

Swali langu mimi ni dogo. Hapa tunapovua sisi, kwenye maji haya tunayoyajua kila jiwe, na sisi tumo au hatumo? Sisi wa fimbo moja, ndoana moja, wa jumapili kwa jumapili, tunaosema "mimi navua kujiburudisha tu". Tumo au hatumo?

Mimi nasema tumo. Na nitawaambia kwa nini, halafu mnipinge.

Tuanze na macho yetu, maana macho yetu yanatudanganya. Kuna mji unaitwa Key West, kule Florida, Marekani. Pale kuna boti za kukodi, watu wanalipa wanapelekwa baharini kuvua, wakirudi bandarini samaki wanatundikwa kwenye ubao na watu wanasimama mbele yao wanapigwa picha. Desturi ya miaka na miaka. Sasa mtafiti mmoja, Loren McClenachan, akaenda kuzikusanya hizo picha, za kuanzia miaka ya 1950 mpaka 2007, bandari ile ile, ubao wa aina ile ile, akaanza kuwapima samaki waliomo kwenye picha. Za katikati ya miaka ya 1950, samaki wa kutundikwa alikuwa na wastani wa karibu kilo 20. Mnaona machewa makubwa kumzidi aliyemvua, mnaona papa, mtoto amesimama pembeni anafika kwenye mkia tu. Mwaka 2007 wastani ni kilo 2.3. Vichangu. Vimepangwa mstari vizuri kabisa.

Na mnajua kitu gani kilichonigusa mimi kwenye zile picha? Watu wanatabasamu vile vile! Wa 1957 anatabasamu na wa 2007 anatabasamu, meno yote nje, hakuna hata mmoja anayeonekana kujua kwamba kuna kitu kimeondoka. Kwa nini ajue? Yeye alikuja juzi, kapata samaki, kafurahi, karudi kwao. Mtaalamu mmoja wa samaki, Daniel Pauly, aliliandika hili mwaka 1995, kwamba kila kizazi kinachukua hali kilichoikuta wakati kinaanza kazi ndiyo kinaifanya kipimo, na kilichopotea kabla ya hapo hakihesabiki. Na alikuwa anawasema wataalamu wenzake, watu wenye vitabu na mizani, sasa sisi je?

Wazee mliokaa mbele hapa, nawaomba kitu. Msiseme tu "zamani samaki walikuwepo". Vijana wanasikia hiyo wanatingisha kichwa kwa heshima halafu wanasahau. Semeni alikuwa wa aina gani, urefu kiasi gani, mlimpatia wapi, mwezi gani, kwa chambo gani. Aina fulani ambayo haipo tena, itajeni kwa jina lake. Na kama mna picha za zamani kwenye albamu, zile zenye kona zilizojikunja, zileteni tuzipige skani, kwa sababu picha yenye kitu tunachojua urefu wake, iwe fimbo au ndoo au mguu wa mtu, hiyo tayari ni kipimo.

Na sisi wengine tuanze kuandika. Daftari au simu, vyovyote. Aina ya samaki, urefu kutoka mdomoni mpaka pale mkia unapogawanyika, saa ulizokaa, umemchukua au umemwachia. Na jamani, andikeni siku za mikono mitupu! Hapo ndipo watu wote wanapokosea, wanaandika siku nzuri peke yake, mwisho wa mwaka daftari linasema uvuvi ni mtamu kweli kweli. Siku uliyokaa kutwa nzima umeambulia kuchomwa na jua, hiyo ina maana kuliko siku ya sherehe.

Sasa nawasikia. Kuna mtu hapa kila nikianza habari hizi ananiambia, "Mbona mimi napata?" Hayupo peke yake, ni sentensi ya kila mvuvi duniani. Mbona mimi napata.

Ndugu yangu, unapata kwa sababu unajua walipo. Samaki hawajatapakaa majini kama mvua, wanakaa makundi, kwenye mwamba fulani, kwenye shimo fulani, kwenye majani fulani. Wakipungua hawapungui kila sehemu sawasawa, wanaacha pembezoni wanajikusanya pale pazuri, na wewe ndipo unapoenda moja kwa moja. Mtungi ukibaki robo, kikombe chako bado kinatoka kimejaa, unachota unajaza, unachota unajaza, mpaka siku unasikia kikombe kinagonga chini.

Hii si nadharia. Nendeni Newfoundland, Kanada. Pale watu walivua cod kwa karibu miaka 500, familia juu ya familia. Miaka ya 1980 wavuvi wadogo wa pwani, wenye maboti madogo, wakaanza kulalamika, samaki wanakuwa wadogo, samaki hawafiki pwani kama zamani. Wakati huo huo meli kubwa za huko nje zenye sona, mashine ya kuona samaki chini ya maji, zilikuwa bado zinajaza, na takwimu za zile meli ndizo zilizokuwa zinaingia kwenye mahesabu, kwa hiyo mahesabu yakasema samaki wapo. Walikuwepo ndiyo, wamejibana sehemu moja, na meli ziko juu yao. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi, John Crosbie, akatangaza kufunga uvuvi wa cod. Akasema miaka miwili. Miaka miwili! Watu kama 30,000 wakakosa kazi, ilikuwa kufukuzwa kazi kwa mkupuo kukubwa kuliko kote kwenye historia ya nchi ile, na uvuvi wa biashara wa wale cod haukufunguliwa rasmi mpaka 2024, tena kwa kiwango kidogo. Zaidi ya miaka 30 wakisubiri samaki warudi.

Mtasema hizo ni meli, sisi tuna fimbo. Sawa. Lakini mwenye sona sasa hivi ni nani? Wewe! Kamashine kale kadogo umekafunga kwenye boti yako kanaonyesha jiwe, kanaonyesha samaki, kanatunza lokesheni, na ukirudi unaituma kwenye grupu. Mtu mmoja anapata leo, anapiga picha, kesho kutwa maboti yamejaa juu ya jiwe moja. Zamani jiwe zuri lilikuwa siri ya mzee na mwanae, na mwanae mwenyewe aliambiwa akishakua. Ile choyo ya wazee ilikuwa inalinda samaki, sijui kama walikusudia lakini ilikuwa inalinda.

Na mbaya zaidi ni pale wanapokutana kutaga. Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Little Cayman, kwenye Karibea. Kuna chewa wa kule, Nassau grouper, mwaka mzima anaishi kivyake, halafu msimu wa baridi mwezi ukiwa mpevu wanatoka kila upande wanakutana sehemu moja kutaga mayai. Mwaka 2001 wavuvi wakagundua pahala hapo, samaki kama 7,000 wamejaa. Misimu miwili tu wakatoa kama 4,000. Na kila aliyekwenda siku hizo bila shaka alirudi anasema samaki wapo wengi ajabu, na hakuwa muongo, walikuwepo wengi ajabu, walikuwa ni wote. Mwaka 2003 serikali ya kule ikapiga marufuku kuvua pale wakati wa kutaga, na miaka kama 15 baadaye idadi imerudi ilipokuwa. Walichofanya ni kuwaacha siku zao chache za kutaga wakawa na amani.

Kwa hiyo mtu akiniambia "wiki ile walikuwa wanakula chambo kama wendawazimu", mimi swali langu la kwanza ni: ukimpasua tumboni, alikuwa na mayai?

Tuje sasa pale panapouma. Sisi wenyewe.

Mwaka 2004 kuna utafiti ulitoka Marekani, kwenye jarida la Science, Felicia Coleman na wenzake, walichukua takwimu za 2002 wakauliza, wavuvi wa kujiburudisha wanachukua kiasi gani cha samaki wote wa baharini wanaovuliwa nchini humo? Jibu asilimia 4. Hapo kila mmoja wetu anashangilia, si mmeona, asilimia 4! Lakini wakaendelea. Wakachukua zile aina ambazo zilikuwa tayari zina hali mbaya, wakauliza swali lile lile. Asilimia 23. Na Ghuba ya Meksiko peke yake asilimia 64. Mnanisikia? Sitini na nne. Zile aina zilizokuwa kwenye hatari pale, mvuvi wa jumapili alikuwa anabeba kuliko mvuvi wa biashara. Inaeleweka, sisi hatuvui dagaa, sisi tunamtaka yule mkubwa, mzuri, mwenye nguvu, wa picha, na yule mkubwa ndiye mchache.

Kuna samaki mwingine, striped bass, wa pwani ya mashariki ya Marekani, wavuvi wa fimbo kule wanampenda kupita maelezo. Alianguka vibaya mwishoni mwa miaka ya 1970, jimbo la Maryland likafunga kabisa kumvua kuanzia 1985 mpaka 1990, akarudi, 1995 wakatangaza amepona. Watu wakashangilia, mfano wa dunia. Halafu 2019 tathmini ikasema amevuliwa kupita kiasi tena, na safari hii wengi wa waliomtoa ni wa fimbo. Ila wanasema sisi tunaachia! Tunavua, picha, tunaachia! Ni kweli wanaachia, wengi sana. Mahesabu ya kule yanachukulia kwamba katika kila 100 wanaoachiwa, 9 wanakufa baadaye. Tisa unaona wachache, lakini zidisha kwa mamilioni. Mwaka 2017 waliokufa baada ya kuachiwa walikuwa wengi kuliko wale ambao wavuvi wa fimbo waliwachukua nyumbani. Walioachiwa! Waliogelea wakaondoka, mtu akasema kwaheri baba, akafa mbele hukooo usikoona.

Mimi sisemi tusiachie. Nasema kuachia ni ufundi na wengi wetu tunafanya ovyo. Niruhusuni nikae hapa kidogo.

Samaki ana ute mwilini, ule unaoteleza, tunauchukia unachafua nguo. Ule ute ndio kinga yake dhidi ya magonjwa. Ukimshika kwa mkono mkavu, ukamlaza kwenye sakafu ya boti iliyopigwa jua, ukamfuta na kitambaa ili apendeze kwenye picha, umemvua ngozi. Lowesha mikono kwanza. Ikiwezekana asitoke majini kabisa, mgeuze pale pale kwenye maji ndoana itoke. Ukitaka picha, mwenye simu awe tayari kabla hujamnyanyua, maana nimeona mtu kamninginiza samaki hewani kwa taya huku mwenzie anatafuta simu, kaipata, imefunga, anaweka namba ya siri, sasa anasema geuka jua liko nyuma yako. Na samaki mkubwa asininginizwe kwa taya, uzito wake mwenyewe unamuumiza, shika na chini ya tumbo.

Ndoana ikiwa imemezwa mpaka ndani, usivute. Kata mshipi karibu na mdomo umwache nayo, ana nafasi nzuri zaidi kuliko ukimchokonoa. Vizuri zaidi tumia ndoana za duara, zile ncha imeingia ndani, nyingi zinanasa pembeni ya mdomo. Ila usijerki kama ulivyozoea! Akichukua chambo mwache ageuke, kaza mshipi taratibu ujae, inajinasa yenyewe. Na kile kijino cha kurudi nyuma kwenye ndoana, kibonyeze kwa koleo kilale.

Wa maji marefu nanyi. Samaki umemtoa chini sana, anafika juu tumbo limejaa hewa, macho yametoka, na kuna kitu kama puto kinachungulia mdomoni. Naona watu wanakitoboa wakidhani ni kibofu cha hewa. Lile ni tumbo lake la chakula jamani, limesukumwa nje! Unamtoboa tumbo halafu unasema umemsaidia. Mfunge kwa kibanio chenye risasi nzito umshushe chini aachiwe huko, hewa inajibana yenyewe. Na kama mahali ni parefu na kila unayemtoa ni mdogo wa kuachiwa, hamia kwingine.

Na maji yakiwa ya moto sana, kiangazi kikali, oksijeni majini inapungua na samaki ukimchosha hapumui vizuri. Vueni alfajiri, au siku hiyo kaeni nyumbani, wake zenu na waume zenu watashangaa.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonileta. Yule mama mkubwa.

Mwaka 2018 Diego Barneche na wenzake walichapisha utafiti, tena Science, kuhusu mayai ya samaki wa aina nyingi. Sisi tulizoea kudhani kilo ni kilo, samaki mmoja wa kilo 30 ni sawa na 15 wa kilo mbili. Wapi! Cod jike mmoja wa kilo 30 anataga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbili mbili. Piga hesabu, hao 28 wana kilo 56 kwa jumla, bado hawamfikii. Na kwa aina nyingi mayai yake ni bora pia. Na kuna machewa wengine ambao wanaanza wakiwa majike, wakikua baadhi ndio wanageuka madume, kwa hiyo ukitoa wakubwa wote unabaki na kina mama watupu wanasubiri bwana.

Na sheria yetu ya kienyeji inasema nini? Mdogo rudisha, mkubwa beba. Nusu ya kwanza nzuri, nusu ya pili ndiyo inatumaliza. Sehemu nyingine wameweka vipimo viwili, chini ya huu rudisha, juu ya huu rudisha, chukua wa katikati wanaokutosha. Wala si ngumu.

Nafahamu kuna mengine. Kuna mito imezibwa, na njia ikifunguliwa samaki wanarudi, mto Elwha kule jimbo la Washington mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014 baada ya karibu miaka 100, na samoni wakapanda tena juu. Kuna matope, kuna mbolea zinazotiririka, hayo tuyapigie kelele na tuna haki. Na mwenye wazo la kuleta samaki wageni "ili uvuvi unoge" namwomba kwanza aulize Ziwa Victoria, sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, mojawapo ya sababu ilikuwa kuwapa wavuvi wa mchezo samaki wa kupigana naye, na inakadiriwa aina kama 200 za furu, visamaki vya asili vya ziwa lile, zikapotea. Biashara kubwa ilizaliwa ndiyo, lakini furu wale hawarudi.

Mimi nina ombi moja tu leo na lipo mikononi mwetu, halihitaji waziri wala bunge. Mashindano yetu. Tunatoa kombe kwa samaki mzito kuliko wote, aliyeletwa kwenye mizani, amekufa. Yaani tumeweka zawadi kwenye kichwa cha yule mama. Napendekeza mizani iondoke. Tupime kwa urefu, samaki kwenye ubao wa kipimo uliolowa, picha moja yenye namba ya mshiriki, anaachiwa, na atakayeleta samaki aliyekufa hapati pointi. Na miezi ya kutaga tusifanye mashindano kabisa.

Najua wapo wanaosema bila mizani hakuna utamu, nimewasikia tangu asubuhi. Simameni mseme hapa, ndiyo sababu ya mkutano. Halafu tupige kura leo leo kabla watu hawajaanza kuondoka, katibu naomba uandae karatasi.